Ngeli ya Kisanduku

Ukumbi wa manispaa, Erie, Jumanne ya Februari.
Theluji inayeyukia kwenye zulia chini ya viatu vyetu,
nami nimeketi nyuma kidogo ya bega la Mama Faida,
dola ishirini na mbili kwa saa,
namnong'oneza sikioni yanayosemwa mbele.

Yanayosemwa mbele ni haya:
kuna kisanduku cheupe, magurudumu sita, kimo cha goti,
kina kibendera cha rangi ya chungwa mkiani,
kinaomba ruhusa ya kupeleka supu na dawa
milangoni mwa watu, kwa njia ya waendao kwa miguu.
Sheria ya jimbo imeshakipa jina.
Mwanasheria analisoma, nami nalisaka kwa Kiswahili,
nalipata, ulimi unasita:
"mtembea kwa miguu."

Mama Faida ananigeukia. "Miguu ipi?"
"Sijui, mama. Ndivyo walivyoandika."
"Kumbe miguu hutolewa kwa kalamu.
Na goti langu mwaka wa tatu linangoja sahihi ya bima."

Hilo sikulifasiri.

Kijana wa kampuni ana mishale inayopanda ukutani.
Anasema Pittsburgh walishakubali, na ukumbi mzima unanuna;
hapa Pittsburgh haitajwi ukitaka kupendwa.
Bwana Prusak, asiyeona, anainuka na fimbo yake:
"Sikikatai. Nataka kilie.
Kinachonijia kimya njiani, hata kikibeba supu, ni adui."
Denise wa pizza anauliza mwanawe atafanya kazi gani.
Mwingine anauliza macho yale yanampelekea nani habari.
Diwani Kowalczyk haangalii juu, anaandika tu,
na kila hofu ikifika kwenye karatasi yake
inageuka kifungu:
kengele. Maili tatu kwa saa, si sita.
Picha zifutwe kabla ya siku ya pili.
Kisitoke theluji ikipita inchi mbili
(inchi mbili, Erie, ni asubuhi isiyo na habari).
Naona kinavyopungua mbele yetu,
kinakatwa huku, kinashonwa kule,
kama koti la mtumba kabla halijamkaa mtu.

Dakika tatu za Mama Faida.

"Mwezi uliopita kilikwama mbele ya nyumba yangu.
Kinakwenda mbele, kinarudi nyuma, kinakwenda mbele.
Nikatoka na koleo, nikachimba.
Alipotoka akasimama, akanikonyeza taa mara mbili,
akaenda zake."

Nimelisikia. *Alipotoka.*
Kile ki- amekiacha kwenye theluji, bila kujua,
na mimi nimebaki mdomo wazi mbele ya madiwani saba,
maana Kiingereza kinataka nichague:
mwanamume, mwanamke, au kitu.
Nikasema kitu.
Nililipwa, na bado nalikumbuka kama deni.

"Mimi," akaendelea, "nimeanguka hapohapo mara mbili.
Hakuna aliyeniandikia kifungu.
Mkimpa njia, basi ifagieni njia."

Kalamu ya diwani ikasimama, kisha ikaandika.

Kura nne kwa tatu. Mwaka mmoja wa majaribio,
na kifungu cha kumi na moja, kilichoingia wakivaa makoti:
njia zote vitakapopita visanduku
zikwanguliwe theluji kabla ya saa moja asubuhi.

Leo saa moja na robo namsindikiza kliniki.
Lami ni nyeusi, kavu, ina chumvi.
Hatujui tumshukuru nani:
kampuni iliyotaka faida, diwani aliyetaka usingizi,
Denise aliyepiga kelele akashindwa.
Mama anatembea kwa goti lake lilelile,
polepole, lakini anatembea.

Nyuma yetu kengele, ile ya Bwana Prusak.
Mimi nimejipanga katikati ya njia, sina haraka,
bado sijaamua.
Ananivuta mkono wa koti.

"Mpishe," anasema.